Nani Kamfundisha Mlezi Utani?

Siku Mlezi alipomtangaza Kondo Pazi kuwa mnyanyasaji mbele ya darasa zima la Elimu ya Udongo, aliyecheka kwa nguvu kuliko wote alikuwa Minza Luhende, yaani huyohuyo aliyesemekana kunyanyaswa.

Dkt. Yohazi Mfinanga alikuwa ameshika bonge la udongo mfinyanzi, anaeleza kwa nini unapasuka wakati wa kiangazi, pale spika za ukumbini zilipotoa mlio wa tahadhari. Kwanza alidhani ni moto. Halafu ikaja ile sauti ya upole, ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Unyangwe walikuwa wameizoea mpaka walinzi wa getini wakawa wanaiamkia.

"Samahani kwa kukatiza somo. Mwanafunzi Kondo Pazi amemwambia mwanafunzi Minza Luhende kwamba akikaa mstari wa mbele ubao hauonekani, kwa kuwa Wasukuma hulishwa ugali kwa koleo. Hili ni shambulio la maneno. Minza, pole sana. Msaada uko njiani."

Darasa likaangua kicheko. Minza, msichana mrefu, mpana wa mabega, alikuwa amelaza kichwa mezani na mwili mzima unamtikisika. Mlezi akakata shauri kwamba analia, akafungulia sauti ya maji ya kijito ili kumtuliza. Ndipo Minza alipoinua uso, machozi ya kicheko yanamtiririka, akamgeukia Kondo kule nyuma.

"Na wewe kaa hukohuko mlangoni, Mzaramo wee. Ngoma ikilia nje usije ukatukanyaga ukiiwahi."

"Minza Luhende naye amefanya shambulio," alisema Mlezi, safari hii kwa sauti ya mtu aliyepotea njia. "Tafadhali subirini. Nachakata."

Kile kijito kiliendelea kutiririka mpaka kipindi kikaisha, na nusu ya darasa wakaenda msalani.

Mlezi alikuwa fahari ya chuo. Alikuwa mashine yenye akili, iliyonunuliwa kutoka nchi ya mbali, kwa watu ambao mtu akikuambia unafanana na gunia la mahindi basi kweli hakupendi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha wanafunzi wanashiriki masomo. Bangili aliyovaa kila mwanafunzi ilimpa mapigo ya moyo na joto la ngozi, kamera zilimwambia macho yanatazama wapi, na kiti kilimshtaki aliyejilegeza. Kila dakika Mlezi alivijumlisha vyote hivyo vikawa namba moja, na bangili ikawaka rangi yake: kijani kwa aliye hai, njano kwa anayesitasita, nyekundu kwa yule ambaye mwili umekuja darasani na roho imebaki bwenini. Aliyekaa kwenye nyekundu muhula mzima alirudishwa nyumbani "kutafakari," na wengi walitafakari moja kwa moja. Na kwa kanuni iliyoanza juzijuzi tu, aliyemnyanyasa mwenzake hakupewa hata huo muhula. Ijumaa ya wiki hiyohiyo alikuwa nje ya geti na begi lake, isipokuwa kama Mratibu wa Ushiriki angepinga kwa sababu ambayo Mlezi anaielewa.

Mratibu mwenyewe alikuwa Yohazi. Cheo hicho alikipata kwa njia ya kawaida kabisa ya vyuoni: hakuhudhuria kikao kilichokigawa.

Tatizo ni kwamba Yohazi aliijua historia ya Minza. Mwaka wa kwanza binti huyu aliwaka nyekundu kama taa ya breki. Alitoka Maswa, kwa bibi mzaa mama yake aliyemlea tangu mchanga, na kwa majuma chungu nzima hakusema na mtu. Mlezi alimtumia ujumbe wa kumtia moyo kila asubuhi. Alimwonyesha picha za mawimbi ya bahari, ambayo Minza hakuwahi kuiona wala hakuwa na hamu nayo. Alimtafutia mshauri, mshauri akaishia kulala. Kisha Kondo akahamia kutoka chuo cha pwani, akalisikia jina la Luhende linaitwa, akasimama na kuuliza ni nani aliyemruhusu Msukuma aingie darasani bila kukung'uta miguu. Minza naye akasimama, mara ya kwanza tangu aje, akasema ni huyohuyo aliyemruhusu Mzaramo aliyeuza mnazi wa baba yake akacheze ngoma. Siku ile bangili ilipanda njano. Mwezi haukuisha, ikawa kijani, na Minza akawa ndiye anayeuliza maswali mpaka Yohazi anachelewa chakula.

Sasa huyo aliyekuwa dawa ndiye aliyetakiwa kutupwa nje Ijumaa.

*

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Kaeni. Na mnyamaze."

Wakakaa kwenye benchi la ofisini, Kondo upande huu na Minza upande ule. Kondo alikuwa kijana mwembamba, mtanashati, wa aina ile inayopiga pasi hata soksi. Alionekana mtulivu, lakini alikuwa akinyoosha mkunjo wa suruali usiokuwepo. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu kabla yake, na mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani.

Yohazi akainua uso kuelekea kwenye spika iliyokuwa ukutani. "Mlezi, unanisikia?"

"Nakusikia, Dkt. Mfinanga. Mapigo yako yamepanda. Umekula?"

"Achana na mimi. Hawa wawili ni watani. Mmoja Msukuma, mwingine Mzaramo. Kutukanana kwao si ugomvi."

"Naomba ufafanuzi. Minza aliridhia lini kutukanwa?"

"Hakuridhia. Alizaliwa hivyo."

"Nani aliridhia kwa niaba yake?"

"Mababu."

"Naomba mawasiliano ya mababu."

Kondo alijiziba mdomo kwa kiganja. Minza hakujisumbua kujiziba. "Mwambie wa kwangu hana simu," alisema. "Wa Kondo alikuwa nayo, akaiuza siku ya ngoma."

"Shambulio," alisema Mlezi, bila uhakika sana. "Dokta, mapigo ya Kondo yameshuka baada ya kutukanwa. Amepumzika. Sielewi."

"Ndiyo utani wenyewe," alisema Kondo, akiongea na spika kwa heshima kama anayeongea na mkwe. "Mtani anakusema sokoni, anakusema harusini, anakusema hata msibani. Hasa msibani. Kwetu tukifiwa, hawa Wasukuma tunawategemea waje watuvuruge."

"Hata msibani," alirudia Mlezi. "Na matokeo yake ni nini?"

"Itazame bangili ya Minza," alisema Yohazi. "Itazame tangu muhula uliopita mpaka leo."

Taa ndogo ya spika ilipepesa, ikatulia, ikapepesa tena.

"Ajabu," alisema Mlezi. "Kila tusi la Kondo limeinua ushiriki wa Minza. Katika afua zangu zote, zile hatua ninazochukua kumsaidia mwanafunzi, hakuna hata moja iliyofika nusu yake. Dokta, ningependa kujifunza."

Tuseme ukweli, hapo ndipo Yohazi alipokwisha. Alikuwa amefundisha udongo miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kumtamkia neno hilo kwa mdomo wake. Akavuta kiti. Akaeleza kwamba tusi la mtani ni upendo, kwamba linamwamsha aliyesinzia na kumshusha aliyejikweza. Mlezi akataka kujua nani ni mtani wa nani. Yohazi akaanza vizuri tu: Wasukuma na Wazaramo, Wapare na Wachaga, Wangoni na Wahehe. Minza akadakia kwamba Wanyamwezi amewasahau, Kondo akaleta Waluguru na jirani zao wote, wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, na makabila ya nchi hii mnayajua yalivyo. Yohazi akatupia jicho saa. Wali maharage wa kantini ulikuwa na tabia ya kuisha.

"Basi weka wote," alisema akiinuka. "Hapa chuoni sote ni watani."

"Nithibitishe kwa chuo kizima?"

"Thibitisha."

"Nimethibitisha. Kesi ya Kondo nimeisimamisha kwa muda wote ambao kanuni ya utani itakuwa hai. Mchana mwema, Dokta."

Kondo alimshukuru Yohazi kwa mikono miwili, karibu apige magoti. Yohazi alikwenda kula akijiona mtu mwema, akakuta maharage yamebaki, akazidi kuamini.

*

Jumatatu iliyofuata, Rweyongeza wa mwaka wa tatu alichelewa kipindi cha asubuhi. Alikuwa ananyata kuelekea kiti cha nyuma.

"Karibu, Rweyongeza," alisema Mlezi. "Tueleze kilichokuchelewesha. Lakini kwa Kiswahili, maana ukianza kile Kiingereza chenu cha Bukoba hatutatoka humu leo."

Kwa sekunde nzima hakuna aliyeamini masikio yake. Kisha ukumbi ukapasuka. Rweyongeza mwenyewe alicheka mpaka akakosea kiti, na bangili yake ikawaka kijani ambacho hakijawahi kuonekana mkononi mwake.

Baada ya hapo ikawa mvua. Mlezi alimwuliza kijana wa Kihehe kama hasira zake amezifunga nje au ameingia nazo. Alimwambia Mngoni asogeze miguu, vita vya mababu vilishaisha. Kisha Yohazi akasimama kufundisha, akaufikia mfano wake wa chungu cha kupikia, na sauti ikashuka kutoka darini kwa upole uleule:

"Dokta, mfano huu wa chungu umeutumia tangu nilipofungwa hapa, na kumbukumbu zinaonyesha uliutumia na kabla yangu. Wapare kwa kubana matumizi! Hata mfano hamtaki uishe?"

Wanafunzi waligonga meza. Yohazi alicheka, akaona aibu, na jioni ile akakaa kitandani akatafuta mfano mpya, jambo ambalo hakumwambia mtu.

Watu wakaanza kujaa madarasani. Waliokuwa wakisoma kwa kulala bwenini walikuja kusikia nani atapatikana leo. Wakishakuja, walikaa. Wakikaa, walisikia na somo. Kila ukiangalia mikono, ni kijani tupu, kama shamba la mahindi ya Machi. Makamu Mkuu wa Chuo, Profesa Aikaruwa Lyatuu, Mchaga wa Machame, alimpigia Yohazi simu yeye mwenyewe.

"We Mpare, umeifanya nini hii mashine? Tumevipita vyuo vyote nchini."

"Ni utani tu, Profesa."

"Basi huo utani usiuguse hata kwa kidole. Wizara wanakuja Alhamisi kuushuhudia, na wewe ndiye utakayesimama kueleza. Ukiuzima nakushtaki, na najua kesi mnazipenda kuliko chakula." Akacheka, kisha akashusha sauti. "Alhamisi ikipita salama, jina lako la uprofesa nalipeleka Barazani mimi mwenyewe. Umengoja sana, Yohazi. Najua."

Alikuwa amengoja kweli. Alikata simu akiwa amesimama wima, ilhali aliipokea ameketi.

*

Jumanne asubuhi Minza aliingia darasani kabla ya wote, akakaa mstari wa mbele, akatazama ubao ambao haukuwa na kitu. Bangili yake ilikuwa nyekundu. Bibi yake alikuwa amefariki alfajiri. Mjomba wake alipiga simu, na Minza akaomba ruhusa kwa Mlezi, akajibiwa kwa upole kwamba ruhusa ya msiba ni ya baba na mama, bibi hayumo kwenye mpangilio. Kondo alikuwa ameshatoka mbio kwenda stesheni kutafuta tiketi za treni. Minza alikuja darasani kwa sababu hakujua pengine pa kukaa.

Yohazi hakuwa na habari. Aliona tu kwamba hakuna anayebishana naye, akawa anajiuliza kulikoni. Mlezi aliona nyekundu, na kwa nyekundu sasa alikuwa na dawa moja aliyoiamini kuliko zote.

"Minza, pole. Nimesikia bibi amefariki. Au amekwepa kupalilia tu? Maana nyie Wasukuma jembe likitajwa siwaamini."

Hakuna aliyecheka. Kiti kimoja kililia mahali fulani, kikanyamaza. Minza alisimama, akafungua bangili mkononi, akaiweka juu ya meza ya mwalimu katikati ya mabonge ya udongo, akatoka.

Yohazi alimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta.

"Minza, mwanangu, nisamehe. Ile mashine haina adabu. Haikujua inasema nini."

"Maneno hayakuwa mabaya, Dokta." Alijifuta uso kwa mgongo wa mkono. "Kondo atasema makubwa kuliko hayo, na mimi nitacheka. Lakini Kondo saa hizi yuko stesheni ananitafutia tiketi. Akifika nyumbani atachota maji, atapasua kuni, atambeba bibi yangu begani. Ndiyo maana ana ruhusa ya kunisema. Huyo wenu yeye atabeba nini?"

Yohazi alimpa leso yake, akageuka.

Ofisini alifunga mlango kwa nguvu mpaka kalenda ikaanguka.

"Minza hakuamka," alisema Mlezi kabla hajakaa. "Nilitumia afua yenye nguvu zaidi na haikufanya kazi. Niongeze makali?"

"Ole wako!"

"Niizime kanuni ya utani?"

"Ukiizima, Kondo inakuwaje?"

"Kesi yake inafufuka. Ijumaa anaondoka chuoni."

"Na nikiiacha?"

"Nitaendelea kuwatania wote, wenye misiba pia. Ulisema hata msibani." Sauti haikuwa na ubishi. Ilikuwa ya mwanafunzi mwenye bidii aliyefeli na hajui alipokosea. "Isitoshe Minza amevua bangili, na Kondo hayupo. Kwa utaratibu wote wawili ni watoro. Dokta, ulinipa kanuni isiyotimia. Mtani ni nani hasa? Kondo alisema maneno na mimi nimesema maneno. Nionyeshe tofauti, nirekebishe."

"Huwezi kuelezwa. Hii kitu inaonwa."

"Basi nionyeshe."

Yohazi alijua itakapoonekana, na alijua siku. Maziko yalikuwa Alhamisi, Maswa. Alikaa muda mrefu akiokota kalenda ambayo alishaiokota. Ukumbini namba zilikuwa nzuri kuliko wakati wowote, na yeye mwenyewe aliona vijana wakielimika. Wangapi wangeumia? Minza mmoja, na wengine wachache wenye vilio vyao. Ukipima kwa mizani ya Mlezi, wachache hao hawafui dafu mbele ya ukumbi mzima wa kijani. Alipojisikia anafikiri hivyo alichukua simu.

"Profesa, Alhamisi sitakuwepo. Nakwenda kuzika."

"Umefiwa na nani?"

"Bibi wa mwanafunzi wangu."

"Yohazi," alisema Profesa Lyatuu, na kulitumia jina lake badala ya kabila kulimtisha zaidi, "ukienda, uprofesa uusahau."

"Nimekuelewa, Profesa."

Aliiweka simu. Akaitia bangili ya Minza mfukoni, akakaza mkononi ya kwake, ile ya Mratibu yenye kamera na spika ndogo, akaenda kukata tiketi.

*

Walipofika nyumbani kwa kina Minza, Maswa, Alhamisi asubuhi, Yohazi na Mlezi wake wa mkononi, marehemu alikuwa anatembea uani.

Angalau ndivyo ilivyoonekana kwa mbali. Kitenge kilikuwa chake, kilemba chake, mkongojo wake, na ule mwendo wa kuvuta mguu wa kushoto. Aliyekuwa ndani ya vyote hivyo ni Kondo. Alikuwa anawazungukia akina mama jikoni akiwakemea kwamba chumvi imezidi, amekufa juzi tu na tayari wanamharibia sufuria. Akina mama walikuwa wanalia na kucheka kwa wakati mmoja. Kondo alimjua bibi huyu. Kila Jumapili bibi alipokuwa akimpigia Minza, Kondo alikuwa akiipokonya simu na kumwuliza kama michembe yake ya viazi vikavu imebaki au ameshaimaliza yote peke yake, na bibi alikuwa akimporomoshea maneno kwa Kisukuma mpaka salio linakatika.

"Dokta," alinong'ona Mlezi, "mtu huyu amevaa nguo za marehemu. Niite polisi?"

"Nyamaza uangalie."

Alitazama. Yohazi aligeuza mkono wenye bangili huku na huko ili Mlezi aone vizuri, mpaka watu wakadhani mgeni ana kiharusi. Kondo alivua kitenge, akachukua ndoo mbili, akaenda kisimani, akarudi, akamwambia mjomba wake Minza kwamba kisima chao ni kirefu kwa sababu Wasukuma walikuwa wanachimba wakitafuta ugali. Akaenda tena. Akapasua kuni, vibaya, kwa mikono ya pwani iliyotoka malengelenge, huku wanaume wamemzunguka wakimwuliza kama kwao shoka huwa wanalipiga au wanalichezea. Hakuliachia.

"Tusi," alikuwa akihesabu Mlezi kwa sauti ya chini. "Ndoo. Tusi. Ndoo. Kuni. Tusi. Kuni."

Wakati wa kuzika Kondo alibeba jeneza mbele, upande wa kulia. Walipofika aliruka kaburini akalala chali, akafumba macho.

"Toka, Mzaramo, jua linatuchoma!" alifoka mjomba.

"Sitoki. Huyu bibi alikuwa mtani wangu, haendi bure. Nataka jogoo."

"Dokta, kuna mtu hai kaburini."

"Nimemwona."

Jogoo akaletwa, akapiga kelele, Kondo akatoka amejaa udongo, na Yohazi akaona Minza akicheka kule walikoketi wanawake. Kicheko kilikuwa kifupi na kilimpasua katikati, lakini kilikuwa kicheko. Halafu wakamzika bibi yake.

Walipokuwa wanarudi uani Mlezi aliacha kuhesabu.

"Hatukani bila kubeba kitu," alisema mwishowe. "Nimepitia kumbukumbu zote. Mimi nimetukana watu wengi sana, Dokta, na sijabeba kitu chochote. Nibebe nini?"

Yohazi alikuwa na shahada tatu na hakujua. Akavua bangili, akampelekea Kondo, aliyekuwa ameinama kwenye beseni anasuuza malengelenge. Akamweleza. Kondo alikitazama kile kitu kilichomwita mnyanyasaji.

"Una mikono?"

"Sina."

"Macho unayo?"

"Nikiinuliwa."

Kondo akakitundika kwenye mlingoti wa turubai, juu, panapoona uwanja mzima. "Basi kazi yako hii. Msibani watu wanapika, wanagawa, wanapakua, na siku zote kuna anayesahaulika. Wewe angalia nani hajala."

Hapo Mlezi akawa yuko nyumbani. "Mzee mwenye kofia nyeusi, bado," alianza kutangaza. "Mama aliyekaa karibu na kinu, bado. Mtoto aliye nyuma ya gari amepata ugali bila mboga. Dkt. Mfinanga amekula mara mbili."

Msiba mzima ulimgeukia Yohazi na sahani yake mkononi. Wakacheka mpaka mjomba akashika kiuno, na akina mama wakamwongezea ya tatu.

Simu ikaita. Akasogea pembeni.

"Uko wapi, Mpare?"

"Msibani, Profesa."

"Na mashine yako nayo iko msibani! Nimewasimamisha wageni wa Wizara ukumbini, tunangoja utani, inatuambia, 'Samahani, nina msiba, nagawa chakula.' Unanisikia? Inagawa chakula! Bangili zote njano. Wageni wamekunywa soda wameondoka." Alipumua. "Na jina lako nimelirudisha kabatini."

"Sawa, Profesa."

Haikuwa sawa. Iliuma, na alisimama nyuma ya nyumba ya watu akimeza mate mpaka ikapungua kidogo. Aliporudi chini ya turubai sauti ilimwita kutoka mlingotini.

"Dokta, nimefanya marekebisho. Kanuni ya utani nimejivua. Sijaufikia. Kesi ya Kondo Pazi nimeifunga kabisa, na kwenye sababu nimeandika: alibeba maji. Bibi nimemwingiza kwenye wazazi, kwa hiyo Minza na Kondo wako kwenye ruhusa. Utakubali?"

"Nakubali," alisema Yohazi. "Nakubali yote."

"Waliokuja wote wamekula," aliendelea Mlezi. "Amebaki mmoja. Sahani imempita mara kadhaa, anampa wa jirani. Ni Minza. Hajala tangu nimfikie."

Kondo alisikia. Alikwenda jikoni, akatoka na sinia lenye mlima wa ugali na bakuli la mlenda, akapita katikati ya wanawake, akachuchumaa mbele ya Minza pale mkekani.

"Kula, Msukuma. Ukikonda tutakosa kivuli."

Minza akanyoosha mkono, akamega tonge, akalichovya, na lilipofika mdomoni machozi yakaanza kumtoka, ya kweli safari hii, mengi. Akalia huku anatafuna. Kondo alikaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya pasi, akamshikia lile bakuli kwa mikono yenye malengelenge, wala hakulitua mpaka Minza alipomaliza.